Kaburi ni la Nani? Wafu, Ardhi na Wajibu katika Nchi ya Malaba

Lugha ya Kiswahili hutenganisha kuzika na kufukia, na ndani ya utengano huo mdogo imehifadhiwa falsafa nzima ya mauti. Mbegu hufukiwa, mbwa aliyekufa hufukiwa, na shimo la taka likijaa hufukiwa. Binadamu huzikwa, na mtu akisema kwamba fulani alifukiwa tu, msikilizaji huelewa papo hapo kwamba marehemu huyo alidhulumiwa. Kinachozidi katika kuzika si wingi wa udongo wala kina cha shimo, ila ni kukiri kwamba aliyelazwa humo bado anawadai walio hai, na kwamba wapo watu ambao wasipomtendea inavyostahili watakuwa wamekosa. Hata jina marehemu, lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya aliyerehemewa, halielezi hali ya mwili. Ni dua inayosemwa na mtu kwa ajili ya mwenzake asiyeweza tena kujiombea. Swali linalochunguzwa katika insha hii linaanzia hapo: ikiwa mfu anawadai walio hai, je, kaburi lake ni la nani? Je, ni mali ya ukoo uliomzaa, ni amana ya dini aliyoifuata, ni sehemu ya ardhi inayotawaliwa na dola, au ni kitu cha namna nyingine kisichoweza kumilikiwa?

Swali hili huulizwa popote watu wanapokufa, lakini katika vijiji vya Malaba limepata uzito wa pekee, kwa sababu hapo ukoo, dini na dola hukutana juu ya shimo moja, na dola zenyewe ni mbili. Malaba ni jina la mto na pia la miji miwili inayotazamana, mmoja katika Kaunti ya Busia nchini Kenya na mwingine katika Wilaya ya Tororo nchini Uganda. Mto huo, ambao katika miteremko ya Mlima Elgon huitwa Lwakhakha, hufuata mpaka kwa kitambo kisha hugeukia magharibi na kupeleka maji yake kwenye mto Mpologoma na hatimaye Ziwa Kyoga. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala hupita hapo, na reli iliyofika Kampala mwaka 1931 hupita hapo pia. Lakini nje ya foleni za malori kuna mashamba ya mtama, mihogo na mahindi, na ndani ya mashamba hayo kuna maboma, na ndani ya maboma kuna makaburi. Wateso, wanaojiita Iteso, wanaishi pande zote mbili za mpaka. Kusini kwao, kuelekea mji wa Busia, wako Wasamia na Wakhayo, na magharibi, kuuzunguka mji wa Tororo na mwamba wake mashuhuri, wako Wapadhola, ambao ni Waluo kwa lugha.

Mpaka unaowagawa watu hao haukuwekwa nao. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ililiondoa Jimbo la Mashariki la Uganda, lililoenea hadi Naivasha, na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo wazee waliozikwa mashariki ya mto Malaba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walilazwa katika ardhi ambayo kwenye karatasi za Waingereza ilikuwa Uganda, na wajukuu wao waliyatunza makaburi hayo hayo wakiwa Kenya, ilhali hakuna kaburi lililosogea hata hatua moja. Tangu siku hizo walio hai wamekuwa wakivuka kwa ndoa, kwa biashara na kwa ibada, hata neno bodaboda likazaliwa kwenye mpaka huu, kwa waendesha baiskeli waliobeba abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Wafu nao huvuka. Mtu aliyefia ng'ambo hurudishwa kwao, kwa hati ya kifo na kibali pale panapotakiwa, na wazee husema kwa methali ya mabaharia kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: anayetembea kutoka nyuma ya chombo hadi mbele yake hatimaye hurudi penye kina cha chombo, mahali maji yanapotekwa. Methali hiyo ya pwani imekubalika bara kwa sababu inasema jambo ambalo watu wa huku waliliamini kabla ya kulisikia.

Inafaa kueleza kwanza kile ambacho neno makaburi humaanisha katika nchi hiyo. Mava, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya maziko ya jumuiya, ni machache na madogo. Waislamu, ambao ni wachache, wana mava yao karibu na misikiti. Misheni za Kikatoliki na za Kianglikana zina viwanja vidogo wanamolala mapadri, wachungaji, watawa na pengine makatekista. Na miji ina makaburi ya umma, ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 imeyaweka miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Lakini makaburi ya kawaida ya mashambani, yale ambayo mtoto huyajua kabla hajajua kusoma, ni ya boma, yaani yamo ndani ya uwanja wa nyumba, hatua chache kutoka mlangoni, mahali ambapo kuku huchakura na nguo huanikwa. Mtu anayekulia katika boma la namna hiyo haendi kuwatembelea wafu, maana anaishi nao, na ziara kwake si safari.

Mpangilio wa makaburi hayo ni aina ya maandishi. Kaburi la mwenye boma huwa karibu na nyumba yake. La mke hufuata utaratibu wa ndoa yake. La mwana huwa penye nyumba aliyoijenga au aliyotarajiwa kuijenga. Na binti aliyefariki bila kuolewa, kwa desturi ya Waluo na ya koo nyingi za Waluhya, huzikwa pembeni au nje ya ua. Anayejua kusoma maandishi hayo huweza kueleza nani alikuwa nani, nani alilipiwa mahari na nani hakulipiwa, na hata nani alisamehewa na nani hakusamehewa. Hapa ndipo tatizo la kifalsafa linapojitokeza, kwa kuwa maandishi yaleyale yanayohifadhi kumbukumbu huhifadhi pia dhuluma, na boma linalomkumbatia mzee mmoja katikati ya uwanja linaweza kumsukuma bintiye nje ya ua, kana kwamba mauti yenyewe yana daraja.

Kesi iliyoliweka jambo hili mbele ya taifa zima la Kenya ilitoka katika eneo jirani na Busia. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na mkewe, Wambui Otieno, aliyekuwa Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong, huku ukoo wake wa Umira Kager, ukiongozwa na nduguye Joash Ochieng' Ougo, ukidai azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Shauri hilo lilipita Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwezi Mei 1987 iliupa ukoo haki ya kuzika, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, zaidi ya miezi 5 baada ya kufa. Sheria ya Kiingereza iliyorithiwa na mahakama za Kenya ilikuwa tayari na kanuni kwamba maiti si mali, na hakuna awezaye kuimiliki. Kinachoweza kubishaniwa ni nani mwenye wajibu wa kuzika. Kanuni hiyo, ambayo katika mabishano ya miezi ile ilisahaulika kwa urahisi, ni ya msingi kwa hoja ya insha hii, kwa sababu inafungua uwezekano kwamba pande zote mbili zilipokuwa zikisema kwa lugha ya haki, jambo lililokuwa mikononi mwao lilikuwa deni.

Miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi kuhusu mila za Waluo alikuwamo mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 1995. Odera Oruka ndiye mwasisi wa kile alichokiita falsafa ya wahenga, yaani utafiti wa fikra za wazee wenye hekima ambao hawakupitia shule, na alitofautisha aina mbili za mhenga: yule anayezijua mila za watu wake na kuzieleza vizuri, na yule ambaye, baada ya kuzijua, huziuliza sababu, akazikubali kwa hoja au akazikataa kwa hoja. Tofauti hiyo inafaa kutumiwa hapa. Mhenga wa aina ya kwanza akiulizwa kwa nini marehemu azikwe bomani atajibu kwamba ndivyo walivyofanya mababu. Mhenga wa aina ya pili atauliza zaidi, kwamba mababu walikuwa wakitafuta nini walipofanya hivyo, na kama kile walichokitafuta bado kinapatikana kwa njia ileile. Kuiheshimu mila kwa namna ya pili ni kuiheshimu zaidi, kwa kuwa ni kuwachukulia mababu kama watu waliofikiri.

Jibu moja la swali la mhenga huyo lilitolewa na John Mbiti, mwanateolojia Mkenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mbiti aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya majina ya pande mbili za wakati. Sasa, kwa maana yake, ni kipindi chenye watu wanaokumbukwa kwa majina na kwa nyuso, na zamani ni bahari ya wakati ambamo kila kilichotokea huzama hatimaye. Mfu, kwa fikra hii, hatoki katika sasa siku anapokufa. Hubaki humo kama mfu aliye hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na baada ya vizazi vinne au vitano, wa mwisho aliyemjua anapokufa, huingia zamani na kuwa mmoja wa mizimu isiyo na majina. Okot p'Bitek, mshairi na mwanazuoni wa Uganda, aliwakosoa vikali wataalamu waliozivika dini za Kiafrika mavazi ya teolojia ya kigeni, na Mbiti alikuwa miongoni mwa waliokosolewa. Hata hivyo wazo la mfu anayeishi katika kumbukumbu linabaki na nguvu, kwani linaeleza kazi ambayo kaburi la boma hufanya. Kaburi hilo ni mahali jina linapotajwa, na kutajwa ndiko kunakomweka marehemu katika sasa.

Lakini ikiwa hivyo ndivyo, basi kaburi lina muda wake, na ushahidi wa jambo hilo hauhitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa umo katika mila za Wateso wenyewe. Kwa imani yao ya kale, mtu akifa roho yake, iitwayo eparait, kwa wingi ipara, hutengana na mwili na kuishi porini, ikiwa na njaa na uwezo wa kuwasumbua jamaa wasioitunza kwa sadaka. Kwa hiyo, baada ya miaka kadhaa ya maziko, mifupa ya marehemu ilifukuliwa kwa ibada maalumu ili ipoe, yaani ili marehemu atulie na kuwa mwema kwa walio hai. Neno kupoa linastahili kutafakariwa. Mfu mpya ni moto. Uchungu wake, madeni yake na hasira zake bado vinawaka. Na kazi ya walio hai si kumfunga mahali pamoja milele, bali ni kumsaidia apoe. Kwa fikra hii shimo la kwanza halikuwa makao ya kudumu, na uhusiano wa marehemu na kipande fulani cha ardhi haukuwa kiini cha mambo. Kiini kilikuwa uhusiano wake na watu waliorudi baada ya miaka, wakachimba, wakaishika mifupa yake kwa mikono yao.

Jambo hili linapowekwa kando ya mafundisho ya dini mbili kubwa zilizofika Malaba, huonekana kwamba zinakubaliana nalo kuliko inavyodhaniwa. Katika Uislamu maiti huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na kulazwa katika mwanandani, yaani uwazi unaochimbwa ubavuni mwa kaburi, akielekezwa kibla, na mafundisho mashuhuri ya Mtume yanakataza kujenga juu ya kaburi na kulipaka chokaa. Kaburi la tajiri na la maskini hufanana, na mvua hulisawazisha taratibu. Kurani, katika sura ya Lukmani, inafundisha kwamba hakuna nafsi inayojua itafia nchi gani, fundisho ambalo katika mji wa mpakani, uliojaa wasafiri wa mbali, si nadharia. Katika Ukristo, Mtakatifu Augustino wa Hippo aliulizwa mwanzoni mwa karne ya 5 na askofu Paulino wa Nola kama inamfaa marehemu kuzikwa karibu na kaburi la mtakatifu, naye akaandika risala nzima kujibu kwamba maziko ni faraja ya walio hai zaidi kuliko msaada kwa waliokufa, kwamba aliyekosa kaburi hajapungukiwa na lolote mbele ya Mungu, na kwamba mahali patakatifu humfaa mfu kwa njia moja tu, nayo ni kuwakumbusha jamaa zake kumwombea. Hata hivyo Augustino hakusema mwili udharauliwe. Alisema mwili uliotumiwa na roho kutenda mema unastahili kutunzwa kwa upendo, kama mtoto atunzavyo pete au vazi la babaye, na zaidi ya hivyo.

Biblia inayosomwa katika makanisa ya pande zote mbili za mto ina visa viwili ambavyo msomaji wa Malaba huvielewa kwa urahisi zaidi kuliko msomaji wa mji mkubwa. Ibrahimu, aliyekuwa mgeni na mpitaji katika nchi ya Kanaani, alipofiwa na Sara alinunua pango la Makpela kutoka kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, hivyo ardhi ya kwanza aliyoimiliki katika nchi aliyoahidiwa ilikuwa kaburi. Yusufu naye, kabla ya kufa Misri, aliwaapisha ndugu zake kwamba siku watakapotoka wataichukua mifupa yake, na kiapo hicho kilitimizwa baada ya vizazi vingi, mifupa ikavushwa jangwani na kuzikwa Shekemu. Kisa cha kwanza kinaonyesha kaburi likiwa mwanzo wa kukaa. Kisa cha pili kinaonyesha kaburi likiwa kitu kinachoweza kusubiri na kuhama. Vyote viwili vinakutana mahali pamoja: Ibrahimu alikuwa na deni kwa Sara, na wana wa Israeli walikuwa na deni kwa Yusufu, na deni hilo ndilo lililoipa ardhi maana yake.

Kilichobadilika katika vijiji vya Malaba, basi, ni kwamba kaburi lililokuwa deni limegeuzwa kuwa hati. Upande wa Kenya, mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulianzisha upimaji wa mashamba na utoaji wa hatimiliki za mtu binafsi, na boma likawa namba kwenye ramani; upande wa Uganda, sehemu kubwa ya ardhi ya Tororo hushikiliwa kwa mila, mfumo ambao Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinautambua, na mara nyingi bila karatasi yoyote. Katika hali zote mbili kaburi limekuwa hoja mahakamani na barazani: palipolala babu ndipo petu. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu Waluo wa Kenya magharibi, alionyesha jinsi rehani ya benki inavyogongana na makaburi, kwa sababu shamba lenye wafu wa ukoo ni vigumu kuuzwa kwa mnada, na mnunuzi mwenyewe huogopa kuhamia. Saruji na vigae vilivyoenea juu ya makaburi katika miaka ya karibuni vina sababu ya upendo, na hilo halina budi kuheshimiwa. Lakini vina pia sababu ya mipaka, kwa kuwa tuta la udongo husawazika na kaburi la saruji halisawaziki.

Wanawake ndio wanaoonyesha wazi zaidi gharama ya mabadiliko hayo. Susan Reynolds Whyte, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wanyole, majirani wa Wapadhola, aliandika mwaka 2005 kuhusu mahali pa kuwazika waliokufa katika zama za UKIMWI, akionyesha kwamba suala la kurudi nyumbani lilikuwa gumu hasa kwa wanawake, ambao huzaliwa katika boma moja na kuolewa katika lingine. Mahari ikiwa haijalipwa, jamaa za mwanamke waweza kuzuia maziko au kudai mwili, na mume au wanawe hulazimika kulipa mbele ya jeneza kile kilichocheleweshwa alipokuwa hai. Ikiwa kaburi ni dai la umiliki, basi mwanamke huyo amekuwa uwanja wa mapambano kati ya wamiliki wawili. Ikiwa kaburi ni deni, swali hugeuka: si nani mwenye mwili wake, bali ni nani aliyemtunza, nani aliyetunzwa naye, na nani atakayelitaja jina lake. Mara nyingi jibu la swali hilo la pili hujulikana na kijiji kizima, hata pale ambapo jibu la kwanza linabishaniwa kwa wiki kadhaa.

Kuna pingamizi zito ambalo si haki kulipita. Mtetezi wa kaburi kama hati atasema kwamba kwa maskini hakuna hati nyingine, kwamba mjane asiye na karatasi hulindwa na kaburi la mumewe lililo mbele ya nyumba yake, kwa kuwa shemeji anayetaka kumfukuza huona haya au hofu kulipita kaburi la ndugu yake, na kwamba kumnyang'anya mjane huyo hoja ya kaburi kwa jina la falsafa ni kumwacha mikono mitupu. Pingamizi hili ni la kweli katika maisha, na jibu lake halimpingi mjane. Kaburi humlinda kwa sababu kila mtu anajua kwamba yeye ndiye anayelitunza: anafagia, anapalilia, anawaonyesha watoto alipolala baba yao. Haki yake juu ya ardhi hutoka katika wajibu anaoutimiza, wala si kinyume chake. Shemeji anayelitumia kaburi hilohilo kama ushahidi ilhali hajawahi kuling'olea hata jani ameikata haki kutoka kwenye mzizi wake, na wazee wa baraza wanaosikiliza kesi za namna hiyo wangetenda vyema kuuliza nani hulitunza kaburi kabla ya kuuliza nani amezikwa humo.

Wajibu huo nao unaweza kuharibika, na ni lazima kusemwa hivyo kwa uaminifu. Matanga, yaani siku ambazo jamaa na majirani hulala na kukesha kwa wafiwa wakichangia chakula na fedha, ni mojawapo ya taasisi bora za upendo zilizojengwa na jamii za Afrika Mashariki. Lakini huko Kenya magharibi baadhi ya mikesha imegeuzwa kuwa disko matanga, ngoma za usiku zenye muziki mkubwa ambazo zimewaponza vijana wengi, hasa wasichana, na ambazo viongozi wa serikali wamezipiga marufuku mara nyingi. Makosa hapo hayako katika furaha, kwa kuwa mila nyingi huruhusu kicheko msibani. Yako katika kumfanya marehemu kuwa kisingizio. Mfu anayetumiwa kukusanya pesa na mfu anayetumiwa kushika shamba wote wawili wamegeuzwa kuwa nyenzo, na binadamu, hata akiwa maiti, si nyenzo.

Mtihani mwingine unakuja kwa njia ya reli. Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, wa kujenga reli ya kisasa yenye urefu wa kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, na kila njia kubwa inayopita katika maboma hupita pia katika makaburi. Dola hutaka kujua kaburi moja lina thamani ya fedha kiasi gani, na wafiwa huhisi kutukanwa na swali lenyewe, lakini hawana lugha ya kulijibu isipokuwa lugha ya bei. Mila ya Wateso ya kuipoza mifupa inaweza kuwapa lugha hiyo. Inafundisha kwamba kumhamisha marehemu si lazima kuwe kumdhulumu, ila kuhamisha kuna masharti: jamaa wawepo, jina litajwe, mikono inayoshika mifupa iwe ya wanaomjua, na ibada ifanyike kwa dini ya nyumba. Fidia ya haki, kwa hiyo, si bei ya kaburi, ambalo halina bei. Ni gharama ya kuuwezesha ukoo kutimiza tena wajibu wake mahali pengine, pamoja na muda wa kutosha wa kuutimiza bila kuharakishwa na mitambo.

Hoja nzima ya insha hii inaweza kupimwa kwa kaburi moja ambalo halina ukoo. Mji wa Malaba ni njia ya watu wengi, na miongoni mwao wapo wanaofia barabarani au hospitalini bila kutambuliwa, wakazikwa katika makaburi ya umma pasipo kilio cha jamaa. Kama kaburi ni dai la ardhi, kaburi la mgeni huyo halina maana yoyote, kwa kuwa hakuna anayedai kitu kwa ajili yake. Lakini Uislamu unafundisha kwamba kuzika ni fardhi kifaya, maana yake wajibu ulio juu ya jumuiya nzima, ambao wakiutimiza wachache wengine husalimika, na wasipoutimiza wote hupata dhambi. Na Ukristo wa Kikatoliki huhesabu kuzika wafu miongoni mwa matendo saba ya huruma ya kimwili, ukimkumbuka Tobiti, ambaye ugenini aliwazika ndugu wa taifa lake waliotupwa, akijua adhabu inayomngoja. Nazo mila za nchi hii, zinazoogopa roho yenye njaa porini, zinasema kwa lugha yao kwamba mfu asiyetunzwa ni hatari kwa wote, si kwa jamaa zake peke yao. Sauti hizo tatu, zilizotoka mbali na kukutana kwenye kingo za mto mmoja, zinamtambua mgeni kuwa mdai. Hana boma la kumpokea, hana mwana wa kulitaja jina lake, hana shamba analoweza kumlindia mtu. Amebaki na dai moja tu, kwamba asifukiwe. Watu wa Malaba wanaochimba kaburi lake na kusimama kwa kitambo kando yake hawapati kitu chochote kwa kazi hiyo, na kwa sababu hiyo hasa wanachokifanya kinaitwa kuzika.